Duka Lililokuwa Bubu

Fimbo ya Angelina iligonga kizingiti cha duka, ikapapasa mguu wa cherehani, ikasimama. Zamzam, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na simu, aliinua uso. Alimjua mwenzake kwa mlio wa fimbo ile kama wenye macho wanavyojuana kwa sura. Alisubiri salamu. Haikuja.

"Mumeo yupo?" Angelina aliuliza.

"Yupo."

"Na binti yako?"

"Yuko ndani. Kuna nini, shoga yangu? Kaa kwanza."

"Sikai. Waite wote. Na mlango msiurudishe, nataka hata wa nje wasikie."

Ilikuwa saa ile ya adhuhuri ambapo Mtaa wa Mchikichi haupitiki kwa mikokoteni na wanunuzi wa jumla. Muuza ndoo na mabeseni wa upande wa pili, jina lake Mgeni, aliacha kuita wateja, akasogea karibu na kibaraza. Bushiri, mumewe Zamzam, alitoka nyuma ya marobota huku akijifuta vumbi la pamba mikononi. Nasreen, binti yao, alisimama kwenye mlango unaotenganisha duka na vyumba vya nyuma walimokuwa wakiishi.

"Shikamoo mama mdogo," alisema Nasreen.

"Marahaba," alijibu Angelina, kwa kuwa salamu ni salamu. Kisha akatoa mfuko wa plastiki chini ya kwapa, akauweka juu ya meza. "Bushiri, nitolee kilichomo humo, unisomee jina."

Bushiri alitoa doti ya kanga, mbili zikiwa bado hazijatenganishwa, mpya, ya rangi ya bluu, yenye maua ya mikarafuu. Ilikuwa imetoka kwenye duka hilihili. Akaikunjua, akatazama pale kila mtu wa pwani anapopatazama, chini ya mji wa kanga na juu ya pindo, palipoandikwa jina. Midomo yake ikacheza, ikatulia.

"Soma, shemeji."

"Shemeji, hili neno tungelizungumza ndani."

"Jana limesomwa kwa kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima. Soma."

Bushiri alikohoa. "Umekuja na njaa, usiondoke na chungu."

Mtu mmoja nje alicheka, kisha akajuta.

Jana yake ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa Angelina. Saa ya zawadi ilipofika, mama wa bibi harusi alisimama amvalishe kanga mama wa bwana harusi, kama desturi. Wanawake wakaikunjua ile doti hewani ili watu waione, na mshereheshaji, kijana mwenye haraka, akasoma jina lake kwa sauti kubwa kabla hajalielewa. Vigelegele vilivyokuwa tayari kooni vikafia hapohapo. Mama Kasmir, mama wa bwana harusi, aliikunja kanga pole pole, akailaza juu ya kiti alichokuwa amekalia, akaondoka. Watu wake wote wakamfuata, wengine wakiacha sahani za pilau zikifuka moshi.

"Harusi ni Jumamosi," alisema Angelina. "Asubuhi hii Kasmir kapiga simu, analia kama mtoto. Mama yake amesema harusi kama ipo, na iwepo, lakini yeye hatakanyaga. Mnajua maana yake. Binti yangu ataingia kwenye nyumba ambayo mkwe wake hakumpokea."

"Kwa nini hukunipigia?" Zamzam aliuliza. "Miaka yote ukitaka kanga unanipigia. Ningekuchagulia."

"Kwa sababu wewe ndiye uliniambia nisipige. Ulisema, binti yangu amefungua duka kwenye mtandao, watu wa Maskati wananunua, ingia na wewe. Nikaingia, Zamzam. Nina kompyuta yangu inayosema, ile tuliyopewa kwenye chama chetu cha wasioona. Kila mahali inanisomea. Nasoma magazeti, nasoma matokeo ya mitihani. Nikaingia dukani kwenu, ikasema: picha. Nikashuka. Picha. Nikashuka tena. Picha. Nikadhani imeharibika."

Nasreen alitazama sakafu.

"Nikamwita binti wa jirani anichagulie. Akasema kuna moja ya bluu, nzuri. Nikamuuliza jina, akasema jina halionekani, zote zimepigwa picha zikiwa zimekunjwa. Nikajisemea, toka lini mtu akauziwa kanga na watu hawa bila kusomewa jina? Wataniambia wakileta. Haya. Nikaagiza. Unajua mwishoni iliniambia nini?" Aligeuza uso upande ambako Nasreen alikuwa akipumua. "Ikaniambia, ili kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, andika herufi unazoziona kwenye picha."

Mgeni aliguna. "Duh."

"Nimezaa, nimezika, nimekaa swichibodi nikiunganisha simu za shirika mpaka likauzwa likiwa na sisi ndani. Sijawahi kuulizwa kama ni binadamu. Nimeulizwa na duka la shoga yangu, na nikashindwa. Binti wa jirani ndiye aliyeniandikia."

Bushiri alisogea mbele. "Shemeji, tutakurudishia hela yako yote, na doti nyingine juu."

"Sikufuata hela, Bushiri," alisema Angelina. Fimbo yake ikagonga mguu wa cherehani, ikagonga kizingiti, ikapotea katikati ya kelele za mtaa. Kanga ya bluu ilibaki mezani, imekunjuliwa, jina lake likitazama juu.

*

Chakula cha mchana hakikulika. Bushiri alivuruga wali kwenye sahani mpaka mchuzi ukapoa.

"Mtu aliyefunga mzigo ni mimi," alisema. "Ningesoma jina kabla ya kufunga. Zamani nilisoma. Siku hizi oda inakuja na namba, nachukua namba, nafunga namba."

"Baba, maduka yote ya mtandaoni yako hivyo," alisema Nasreen. "Picha ndiyo inauza. Yale maandishi ya kuthibitisha nayo ni ya usalama, kila mtu anaweka. Na kanga nilizipiga picha zimekunjwa kwa sababu ndivyo zinavyokaa kwenye shelfu. Mteja akifika si anafunguliwa?"

"Nani anamfungulia huko kwenye mtandao?" aliuliza Zamzam.

Nasreen alikuwa ametumia karibu mwaka mzima kulijenga lile duka, huku wenzake aliosoma nao chuoni wakitafuta kazi benki. Alilipenda. Watu waliolitazama walilisifu, na sifa zile zilikuwa za haki, maana lilikuwa duka zuri.

"Siku uliyotuonyesha," Zamzam aliendelea, "baba yako alisema mashallah, jirani wakasema mashallah. Mimi nikakuuliza, nitalisoma vipi? Ukanijibuje?"

"Mama."

"Ukanijibuje, mwanangu?"

"Nilisema utasomewa."

"Ulisema nitasomewa. Ukacheka kidogo, baba yako naye akacheka, na mimi nikacheka ili nisiwaharibie siku. Kisha nikaingia."

Bushiri aliinua kichwa. "Ukaingia wapi?"

"Dukani. Mlikuwa mmekwenda msibani Upanga. Nikawasha kompyuta, ile programu ya kusoma aliyoniwekea Nasreen nisikilize magazeti ikaanza. Picha. Picha. Picha. Nikaizima."

"Mbona hukuniambia?" Sauti ya Nasreen ilikuwa imeshuka.

Zamzam alinawa mkono taratibu, kidole baada ya kidole, kama mtu anayepanga maneno. "Nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba binti yangu kajenga duka. Simu zote za mikoani nilizipokea nikisema, ingieni mtandaoni, mtaona. Niwaambie tena kwamba mimi nimefika mlangoni, nikashindwa kuingia? Nilikuonea fahari, Nasreen. Nikaificha aibu yangu chini ya fahari yako. Aliyeumia ni Angelina."

Akajifuta mkono kwa kitambaa, akainuka.

"Vaa viatu," alisema Zamzam. "Chukua hiyo kompyuta yako. Tunakwenda kwa Mama Kasmir."

*

Mama Kasmir alikuwa akiishi Ilala, nyumba yenye ukuta wa chokaa na makopo ya maua kibarazani. Aliwaacha wakae barazani muda mrefu kuliko inavyofaa kumweka mgeni, tena bila maji. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kazi, kusudi waone kwamba hakujiandaa kwa ajili yao.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ya mtu anayelipa deni.

"Tumekaribia," alisema Zamzam. "Mimi ndiye mwenye duka lililouza ile kanga. Huyu ni binti yangu. Tumekuja kusema Angelina hakujua jina lake."

"Bi Zamzam, nakuheshimu kwa umri wako na kwa hali yako. Lakini kanga nimezivaa tangu nikiwa mwali. Kanga haikosei. Mtu akikupa kanga amekwambia neno."

"Kweli kabisa."

"Na siku ya mahari ilisemwa nyumbani kwa Angelina, mbele ya wajomba, kwamba mwanangu hana kitu. Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli hana kitu, ana mikono yake tu. Halafu naitwa ukumbini nivalishwe njaa." Alivuta upindo wa gauni lake. "Hasomi kwa macho, najua. Lakini ana mdomo. Angeuliza."

"Aliuliza," alisema Nasreen. "Shikamoo mama. Aliuliza duka letu, nalo halikumjibu. Niruhusu nikuonyeshe."

Alifungua kompyuta, akachomeka modemu, duka likajitokeza. Mama Kasmir alitazama bila kutaka, kisha akatazama kwa kutaka. Kanga zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, nyekundu, kijani, zambarau.

"Zinapendeza," alikiri.

"Ndivyo unavyoona wewe, mama. Sasa sikiliza anavyoona mama Angelina." Akateremsha mwanga wa kioo mpaka kikawa giza tupu, akaiwasha ile sauti. Ilikuwa sauti ya mashine, Kiswahili chake kama cha mgeni aliyeshuka bandarini jana.

"Picha," ilisema. Nasreen akabonyeza. "Picha." Akabonyeza. "Picha. Picha. Picha."

Mama Kasmir alisubiri. "Halafu?"

"Halafu hakuna, mama. Ndiyo yote."

"Bonyeza tena."

"Picha."

Alitaka aonyeshwe na lile swali la ubinadamu, kwa kuwa habari zake zilikuwa zimeshafika Ilala. Nasreen akampeleka hadi hapo. Mashine ikamtaka athibitishe kwamba ni binadamu, kwa kuandika herufi anazoziona, kisha ikanyamaza. Mama Kasmir alikitazama kile kioo cheusi. Pembe ya mdomo wake ilitingishika, akaizuia.

"Mtoto wewe," alimwambia Nasreen, "mama yako haoni, na bado ukafanya hivi?"

"Ndiyo, mama," alisema Nasreen. Hakujitetea, na hilo Mama Kasmir akalipenda.

Mama Kasmir aliisogeza kompyuta kando. "Mimi nikisema nimeamini, watu wa ukoo wangu watasema nimenunuliwa kwa maneno. Waliondoka pale kwa ajili yangu. Sasa sikilizeni. Ijumaa baada ya swala nitakuja dukani kwenu na dada zangu. Angelina atanichagulia kanga palepale, kwenye hiyohiyo mashine. Asishikwe mkono, asinong'onezwe. Kama ni duka lililonitia aibu, duka hilohilo na liniondolee."

"Na akishindwa?" aliuliza Zamzam.

"Jumamosi mtakula pilau bila mimi." Akainuka. "Ngojeni niwaletee maji, jua kali."

*

Kazi ilianza jioni ileile. Bushiri alishusha kanga kwenye shelfu, akazikunjua moja moja juu ya meza ya kupimia, akazisoma kwa sauti. Zamzam aliandika. Vidole vyake vilijifunza mashine ya taipu katika mafunzo ya swichibodi, na havikuwahi kuhitaji macho. Nasreen alizipiga upya picha, safari hii kanga zikiwa wazi, akayashona maneno ya mama yake nyuma ya kila picha, mahali ambapo ile sauti ingeyakuta.

Mwanzoni Nasreen alijaribu kumrahisishia. "Andika tu, kanga nzuri ya kuvutia."

"Hiyo umeniambia nini?"

"Kwamba ni nzuri."

"Uzuri ataujua mwenyewe. Niambie kuna nini. Pindo lina nini, mji una nini, jina linasemaje. Basi."

"Pindo ni jekundu, lina korosho nyeusi. Mji ni mweupe, katikati kuna nanasi. Lakini mama, rangi za nini kwa mtu asiyeona?"

"Anayevalishwa anaona," alisema Zamzam, vidole vikiendelea. "Unataka Angelina ampelekee mtu nyekundu msibani?"

Walipoifikia ile ya bluu, Bushiri aliikunja akaiweka kando. "Hii naitoa. Zote zilizobaki nazipeleka mnadani, nisizione tena."

"Irudishe," alisema Zamzam.

"Mke wangu, imetuvunjia jina."

"Kanga imekosa nini? Imesema neno lake, na neno lake wapo wanaolihitaji. Unajua wanawake wangapi mji huu wana mtu wa kumwambia hivyo? Kosa ni kuiuza imefumbwa mdomo. Soma."

Bushiri akasoma. Zamzam akaandika kila kitu, pindo, mji na jina, bila kupunguza.

Kilichowasumbua zaidi kilikuwa mwisho wa ununuzi. Nasreen alisema akiondoa ule uthibitisho, mashine za wahuni zitajaza oda za uongo. Walibishana mpaka Bushiri, ambaye hajui lolote la kompyuta, akasema kwa uchovu, "Basi waulizeni kitu anachokijua kila mtu na mashine haikijui." Nasreen akamtazama baba yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Angelina aingie. Akaandika swali: Kanga mbili zilizo pamoja huitwaje?

Zamzam alijaribu kununua. Alipita kanga zote, akafika mwisho wa ukurasa, akajikuta mwanzo tena.

"Pa kuagizia pako wapi?"

"Si hapo kulia, mama. Kitufe cha kijani."

"Kulia kwa nani? Kijani kwa nani?"

Nasreen alitwaa kanga moja, akakifunika nayo kioo, akajaribu mwenyewe. Alikuwa amekijenga kile kitufe ili kibonyezwe kwa kipanya tu, na kipanya bila macho ni kipande cha plastiki. Alibonyeza, akapotea. Akarudi, akapotea tena, ndani ya duka alilolijenga kwa mikono yake. Bushiri alitaka kuiondoa ile kanga amsaidie, Zamzam, aliyemsikia akisogea, akamshika mkono.

"Mwache. Anafika."

Nasreen alibomoa na kujenga upya siku zote zilizobaki, kioo kimefunikwa. Kila alipomaliza sehemu alimwita mama yake, na mama yake hakumpa sifa za bure. "Hapa pamekaa," alisema. Au, "Hapa bado." Majirani walisema Bushiri amefilisika, maana duka lilikuwa wazi na hakuna aliyehudumiwa haraka. Alfajiri ya Ijumaa Zamzam aliingia, akazunguka, akachagua, akaagiza, akatoka. Akavua vipokea sauti masikioni.

"Sasa ni duka," alisema.

*

Mama Kasmir alikuja na dada zake wawili, wote watatu wamejitanda, wamenyooka kama mashahidi. Angelina alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kigoda kibarazani, kompyuta juu ya stuli mbele yake. Mikono yake ilikuwa mapajani, ikiminyana. Watu wa mtaa walikuwa wamesikia, na watu wa Kariakoo wakisikia husogea.

"Bibi harusi hajambo?" Mama Kasmir aliuliza, bila kumwita Angelina kwa jina.

"Hajambo. Anakusubiri."

"Tutaona."

Angelina alichukua vipokea sauti, akataka kuvivaa.

"La," alisema dada mkubwa wa Mama Kasmir. "Hivyo hatuvijui vinasema nini. Isikike na sisi."

Nasreen akaivuta waya. Na hapo, kabla Angelina hajabonyeza chochote, umeme wa mtaa mzima ukakatika. Kompyuta haikuzimika, ilikuwa na chaji. Lakini duka la simu la jirani liliwasha jenereta, la vitenge likafuata, mashine za kusaga pilipili za mtaa wa pili zikafuata, na kwa kufumba na kufumbua Mchikichi yote ilikuwa inanguruma. Angelina alibonyeza. Sauti ilitoka, ikamezwa. Aliinama mpaka shavu likakaribia kioo.

"Sisikii," alisema.

Dada mdogo wa Mama Kasmir alinong'ona kitu. Mama Kasmir alirekebisha kanga yake kichwani, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Bushiri alianza kusema tungojee umeme, na kila mtu alijua umeme huo unaweza kurudi Jumapili.

Ndipo Mgeni alipoweka chini beseni alilokuwa amelishika. Alivuka mtaa, akaingia duka la simu. "Kaka, zima kidogo."

"Nizime vipi, Mgeni? Nina wateja."

"Kuna mama anamchagulia mkwe wake kanga. Zima."

Kijana wa simu alichungulia nje, akamwona Angelina ameinama. Akazima. Mgeni akaenda kwa wa vitenge, ambaye alizima akiuliza kuna nini. Wa pili yake akazima kabla hajaombwa. Habari ikatembea kuliko Mgeni. Jenereta moja baada ya jingine likakohoa, likanyamaza, mpaka mahali ambapo hapajawahi kunyamaza mchana pakawa panasikika kandambili za wapita njia.

Angelina alikaa wima. Akabonyeza.

"Kanga," ilisema ile sauti ya mgeni wa bandarini. "Pindo jekundu lenye korosho nyeusi. Mji mweupe wenye nanasi. Jina: Mvumilivu hana jirani mbaya."

Akabonyeza.

"Kanga. Pindo la kijani lenye mistari. Mji wa manjano wenye makuti. Jina: Nilichonacho chanitosha, cha nini cha kuazima."

"Eh," alisema mtu kwenye umati.

Angelina alikuwa na wakati wake. Alisikiliza, akapima, akapita. Uso wake ulibadilika kwa kila jina, mara akitabasamu, mara akikunja kipaji. Zamzam, akiwa amesimama nyuma yake, alikuwa akizihesabu pumzi zake mwenyewe. Alijua ipi inafuata.

"Kanga. Pindo la bluu. Mji wa bluu mpauko wenye maua ya mikarafuu. Jina: Umekuja na njaa, usiondoke na chungu."

Mama Kasmir alitazama mbele, shingo imekakamaa.

"Wewe tunajuana," Angelina aliiambia kompyuta. "Pita zako."

Kicheko kilianzia kwa wauza mihogo waliokuwa kwenye umati, kikaenea, na Mama Kasmir, aliyekuwa amekizuia chake tangu siku ile barazani, kikamtoka puani. Alijifunika kwa upindo. Angelina aliendelea kushuka, kanga baada ya kanga, mpaka kidole chake kikasimama.

"Kanga. Pindo la zambarau lenye vikombe vya dhahabu. Mji mweupe wenye ua moja kubwa. Jina: Tumepeana watoto, tumekuwa ndugu."

"Hii," alisema.

"Una hakika?" aliuliza dada mkubwa. "Ziko nyingine."

"Zambarau ni rangi aliyoivaa siku ya mahari. Nilimsikia mmoja wenu akiisifu." Akabonyeza tena, akaandika jina lake, akafika mwisho. Mashine ikamuuliza kanga mbili zilizo pamoja huitwaje. Akaandika herufi nne, bila kutafuta.

"Asante, Angelina," ilisema ile sauti. "Oda yako imepokelewa."

"Leo nimekuwa binadamu," alisema Angelina, na hakuna aliyecheka, kwa sababu sauti yake ilitetemeka.

Simu ya Bushiri ilitoa mlio mfukoni. Akaitoa, akaisoma, akaenda kwenye shelfu. Safari hii alilisoma jina mara mbili kabla ya kuitoa nje. Angelina alisimama. Mikono yake ikatafuta mabega ya Mama Kasmir, na Mama Kasmir hakungoja yatafutwe. Alisogea mpaka yakawa chini ya viganja vya mwenzake. Akavalishwa. Kisha akaunyanyua mwenyewe upande wenye maandishi, akausoma kwa watu wote, kwa sauti ya mwanamke ambaye hakusoma sana lakini alisoma vya kutosha.

"Tumepeana watoto, tumekuwa ndugu."

Vigelegele vilivyokwama ukumbini Jumapili vilitoka siku ile, Mtaa wa Mchikichi. Mgeni akainua mkono, na majenereta yakaanza tena kunguruma.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Mama Kasmir alibaki nyuma. Alimsogelea Zamzam sikioni.

"Bi Zamzam, ile ya njaa na chungu, mmeitoa?"

"Ipo."

"Nifungie moja. Nina jirani."

Bushiri alikohoa. Nasreen, huku akitabasamu, alinyoosha mkono kuelekea kompyuta amtafutie mama yake ukurasa. Kisha akaurudisha mkono, akasogea pembeni, akampisha. Zamzam aliketi kwenye kigoda, akaivuta stuli karibu, akaongeza sauti mpaka mwisho ishindane na jenereta la kijana wa simu.

"Ngoja," alimwambia mteja wake. "Naingia dukani."